Mluzi Kutoka Kigoma

Jumanne iliyopita, katika kituo cha afya hapa Rumonge, muuguzi alimpa mama mmoja kikopo cha kukingia mkojo wa bintiye wa miaka mitatu, aliyekuwa na homa.

"Bila kupima mukojo, mama, siwezi kujua dawa."

Mtoto alibana mapaja. "Inachoma!"

"Baba yake ndiye humupigia mluzi ili akojoe," mama akasema kwa haya. "Iko Kigoma tangu mwaka jana."

"Basi mupigie simu."

Mluzi ukasikika simuni, mrefu na laini. "Kojoa, mama yangu, kojoa." Kikopo kikapata chake, lakini simu haikukatwa.

Jirani niliyeketi naye benchini kituoni siku hiyo anasimulia kwamba mtoto alilia sana. Namsahihisha: mtoto alinyamaza akisikiliza. Aliyelia ni mama yake.