Kiti Kinachodhani Hakuna Mtu

Fundi umeme wa magari ana vidole virefu, hata wapo wanaoapa kwamba hukaza skrubu akiwa mtaa wa pili. Hupapasa nyaya chini ya kiti cha abiria akiwa amefumba macho, akizinong'oneza. Gari hili la familia, kuukuu, amelipapasa mara saba, na taa ya mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga, bado inarudi kuwaka.

"Ichomoe tu hiyo taa, isitusumbue," baba watoto akasema akiwa kwenye usukani, mama watoto kando yake kwenye kiti cha abiria.

"Sichomoi, hata ukinipa gari lenyewe. Shemeji amekaa hapa, kiti kinadhani hakuna mtu. Mkigonga, mfuko wake haufunguki."

"Mimi sigongi."

Fundi akazidi kuzamisha mkono. Mama watoto akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva.

"Basi hamia kule, baba. Naendesha mimi."

Baba akakitazama kile kiti. "Fundi," akasema, "utamaliza saa ngapi?"