Kidole cha Naswa

Protus Naswa alifungua duka lake la kutengeneza kompyuta mjini Kisumu tarehe 6 Februari 2017. Tarehe hiyo imepakwa rangi juu ya mlango. Tangu siku hiyo, kila kompyuta anayoishika huondoka ikiwa imepanguswa vumbi na kuwekwa kwenye hali ya kuokoa umeme. Stima ya mtaa wake hukatika bila kuaga, naye huona ni utu betri idumu, mteja apate muda wa kuhifadhi kazi yake.

Wauza samaki wa ufuo wa Dunga walipopata kompyuta za mkononi za ofisi, kuukuu kidogo, Naswa aliitamani sana kazi ya kuzitunza. Alishauri ziwekwe mfumo wa Linux. Sheryl Aoko, fundi wa duka la ng'ambo ya barabara, alishauri Windows. Mwenyekiti wa wauza samaki, Mama Dorca, akaamua mifumo ipimwe: kompyuta mbili za aina moja, kila fundi aweke wake, kisha programu ileile ya kupima kasi. Mshindi angepewa kazi.

Naswa alikuwa ameshatangaza kwamba Linux itaiacha Windows ikitafuta viatu. Mashine ya Sheryl ilimaliza wakati yake haijafika nusu. Muuza omena mmoja aliuliza kama hiyo ya Naswa imeamka.

Naswa akalaumu waya, kisha joto la ziwani. Sheryl akainama, akafungua mipangilio.

"Bwana Naswa, umeifunga breki mwenyewe. Iko kwa kuokoa umeme."

Hakukumbuka kuiweka hivyo. Mkono ulikuwa umejifanyia kazi yake ya kila siku.

Akaomba marudio. Akaiweka kwenye kasi ya juu kabisa, akazima kila kilichozimika. Feni ikanguruma kama kinu cha posho, na kweli mashine ikatangulia kwa mbali. Hapo stima ikapotea. Ya Sheryl iliendelea taratibu kwa betri. Ya Naswa, kwa mbio zile, ilimaliza betri yake kuukuu ikazima, kitu ambacho breki yake ya zamani ingekizuia.

Mama Dorca alingoja kicheko kipungue.

"Sasa mnanipimia Linux na Windows, ama mnanipimia kidole cha Naswa?"

Sheryl mwenyewe alikiri kwamba hadi hapo walikuwa wamepima kidole.

Jumamosi mashine zote mbili zitapimwa upya kwa mipangilio inayolingana, kwanza kwa stima, halafu kwa betri. Sheryl atabofya zote mbili. Naswa, kwa amri ya mwenyekiti, atatazama akiwa amekunja mikono.