Samaki Mezani kwa Bwana Babu

Wafanyakazi wa shamba lile la chai pale Boito walimwita mwenye shamba Bwana Babu, ingawa hakuwa na mjukuu wala mke, na umri wake ulikuwa arobaini na kitu. Jina lake hasa lilikuwa Kapteni Penhale. Lakini mtu hawezi kuagiza maji ya kuoga kwa kumtaja babu yake jenerali, akamaliza chakula cha jioni kwa ngome ya babu huyohuyo, halafu ategemee watu wamwite kitu kingine.

Aliyeyasikia hayo kuliko wote alikuwa mpishi wake, Kepher Okello, Mjaluo wa kando ya ziwa. Walowezi walizungumza mbele ya mpishi kama wanavyozungumza mbele ya kabati. Kepher hakuona ubaya wowote. Ile ngome ilimfaa hata yeye. Kila alipotumwa soko la Chepilat alikutana na Nyakundi, Mkisii aliyempikia Memsabu Rawlins wa upande wa Sotik, na hakumwacha apumue.

"Mimi napikia mjukuu ya jenerali," alisema Kepher. "Babu ya memsabu yako alikuwa nani?"

"Sijui," alijibu Nyakundi, akibinya kabichi. "Yangu akishiba ananyamaza."

Nyumba ya Bwana Babu ilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: samaki marufuku. Si jikoni, si stoo, wala katika vibanda vya watumishi. Wilkista, mke wa Kepher, alikuwa mjamzito, na mimba yake ilitaka obambla, yule ngege wa ziwani anayepasuliwa na kukaushwa juani. Siku moja upepo uligeuka vibaya. Bwana alitoka barazani, akasimama mbele ya kibanda chao na leso puani.

"Nikisikia hii harufu tena," alisema, "wewe na bibi yako mtatoka shamba langu siku hiyohiyo."

Tangu hapo Wilkista alipikia chini kabisa mtoni, tumbo mbele, sufuria kichwani, akimlaani jenerali kwa Kijaluo. Mtoto alikuwa karibu kufika, na Kepher hakuwa na kibanda kingine duniani.

Mwaka wa thelathini na mbili, msimu wa mvua kubwa, Bwana Babu alimwita Kepher chumbani na kufunga mlango.

"Yaya yangu ya zamani anakuja kutoka Ulaya. Enda na gari ya ng'ombe umchukue. Fort Ternan."

Kepher alijua wageni wa bwana hushukia stesheni ya Lumbwa, mahali ambapo walowezi wote hupokelea mizigo na umbea. Anayeshushwa Fort Ternan ni mtu ambaye mwenyeji hataki aonekane. Alifunga ng'ombe.

Aliyeshuka kwenye treni alikuwa bibi mfupi, mwenye kikapu badala ya sanduku, na kidevu cha Bwana Babu. Kidevu chenyewe hasa, na lile bonde katikati kama shimo la panya. Kepher aliponyosha mkono kuchukua kikapu aliiona mikono ya bibi. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa na mistari myeupe ya visu vya zamani. Mama yake Kepher, mpasua samaki, alikuwa na mistari hiyohiyo, na yeye hakuipata kwa kubembeleza watoto wa watu.

Jina lake lilikuwa Elmina. Kizungu cha misheni alichokijua Kepher kiliwatosha njia nzima. Aliuliza majina ya milima, akala mahindi ya kuchoma mpaka gunzi likabaki jeupe, na gari lilipokwama topeni alishuka akasukuma.

Boito, Bwana Babu alikuwa akingoja barazani, amesimama wima kama mlingoti wa bendera. Bibi alipanda ngazi, akamwangalia juu mpaka chini, akatoa kitambaa kwenye mkono wa nguo, akakitemea mate, akampangusa shavu palipokuwa na sabuni ya kunyolea.

Yaya wengi wameosha nyuso za watoto wa wenyewe. Lakini hutumia maji.

"Yule si yaya," Kepher alimwambia mkewe jioni.

"Hata ng'ombe walijua," alisema Wilkista. "Sasa ngome imeenda wapi?"

"Labda ni upande wa baba."

"Kepher. Wewe uliniambia babu yako alikuwa mkuu wa ukoo. Nikaolewa, nikafika, nikaonyeshwa mbuzi moja. Na hiyo mbuzi ilikuwa ya mjomba."

Kepher alichochea moto, kwa kuwa mbuzi kweli alikuwa wa mjomba.

Siku chache baadaye alirudi kutoka bustanini akakuta jiko halina mtu. Alifuata vicheko mpaka mtoni. Elmina alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria ya Wilkista, sketi imekunjwa magotini. Pua ilikuwa imemleta.

"Mama," alisema Kepher kwa Kizungu chake, akitazama nyuma yake, "bwana hataki samaki."

"Hataki?" Elmina alichovya kidole, akaonja. "Amekulia ndani yao. Baba yake mvuvi, babu yake mvuvi. Mimi nilibeba kikapu mgongoni, mlango kwa mlango, na yeye akiwa juu ya kikapu. Mwulize mkeo kama hapa kuna maziwa."

Kepher alitafsiri. Wilkista alifunua kibuyu kilichokuwa kando yake. Obambla huchemshwa, kisha hutiwa maziwa, na hakuwa amewahi kumfundisha Mzungu jambo hilo.

"Hata kwetu," alisema Elmina, akaangua kicheko.

"Na jenerali?" Kepher aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa kooni kwa miaka.

Bibi alifikiri. "Tulikuwa na mashua iliyoitwa Jenerali. Ya babu yake. Ilivuja."

Halafu akaeleza habari ya uyaya. Jumamosi Memsabu Rawlins angekuja kula chakula cha mchana. Alikuwa akiandika kitabu cha koo za walowezi wa kwanza, waliofika kabla ya vita, na Bwana Babu alitaka kuwamo kuliko alivyotaka bei nzuri ya chai. Mpaka hapo memsabu atakapoondoka, mama angekuwa yaya.

"Na wewe umekubali?"

"Mtoto akikuonea haya utamfanyaje? Nimeitwa mabaya zaidi, na watu walionunua samaki wangu."

Wilkista alipotafsiriwa maneno hayo hakucheka. Alishika tumbo lake. "Mwambie bwana yako," alimwambia mumewe, "mtu akimkana mama yake mbele ya chakula, hicho chakula kinasikia."

"Mwambie wewe. Mimi nataka kibanda."

Jumamosi Kepher alichoma mguu wa kondoo. Alikuwa barazani akipanga glasi wakati Elmina alipoingia jikoni na obambla aliyebaki, maziwa na viazi, akavitia vyote katika bakuli la kaure la wageni na kuliweka ndani ya oveni. Kepher alikuja kulifunua Memsabu Rawlins akiwa ameshafika. Alifunga mlango wa oveni kama mtu aliyefunga mlango wa chui. Hakusaidia kitu.

"Penhale," ilisikika sauti ya memsabu kutoka mezani, "kitu gani hicho kinachonukia vizuri namna hii?"

Bwana Babu aligeuka rangi ya unga wa ngano. "Kondoo," alisema.

"Huyo si kondoo. Kilete chenyewe."

Kepher alileta. Alipita nyuma ya kiti cha bwana na bakuli mikononi, akahesabu kwamba kwa sheria ya nyumba ile kibanda chake kilikwisha kuanguka.

Memsabu Rawlins alikuwa mwanamke mkubwa mwenye kalamu shingoni kwa uzi. Mwenyewe alishurutisha yaya aketi mezani, kwa sababu yaya ndio wanaojua koo. Alijipakulia, akala, akaongeza. Kisha akamgeukia Elmina.

"Niambie habari za babu, jenerali. Alikuwa mkali?"

Elmina alimtazama mwanawe. Mwanawe alitazama chumvi.

"Alivuja," alisema Elmina. "Hasa upande wa nyuma."

"Uzee," alisema Bwana Babu haraka. "Uzee, Memsabu. Vita vingi."

Memsabu aliandika kitu, kwa heshima, kisha akaonyesha bakuli kwa uma. Alimsemesha Kepher kwa Kiswahili chake cha shambani. "Wewe, mpishi. Nani alifundisha wewe kupika hii?"

"Si mimi nilipika, memsabu. Ni mama ya bwana."

Bwana Babu aliangusha kisu. Lakini Memsabu Rawlins alicheka, akamgonga bwana mkononi.

"Usijali. Hawa humwita kila mwanamke mzee mama. Nina miaka ishirini hapa. Hawajui hata mama zao wenyewe ni akina nani."

Alisema kwa Kizungu, mbele ya kabati. Na hapo njia ya salama ilikuwa wazi kabisa. Kepher angeinama, achukue sahani, arudi jikoni. Neno "mama" lilikuwa pana vya kutosha kuwaficha wote, bwana, bibi na Wilkista na tumbo lake. Kepher Okello hakuwa shujaa. Lakini alikuwa na majivuno, na majivuno yake yalikuwa yamekanyagwa na kiatu kikubwa. Yeye aliyeweza kuwataja mama na bibi zake mpaka kwa yule mbuzi, eti hamjui mama?

"Memsabu," alisema, "ni mama ya kuzaa."

Kiswahili cha shambani kina mapengo mengi, lakini hakikosi "kuzaa". Memsabu Rawlins aliacha kutafuna. Alitazama kidevu cha yaya. Alitazama kidevu cha bwana. Alirudia safari hiyo, na kila mara alikuta bonde lilelile.

"Basi," alisema hatimaye. "Samaki?"

"Samaki," alisema Elmina. "Vizazi vyote ninavyovijua."

Memsabu alirudisha kifuniko cha kalamu. Alimaliza alichopakua, akaongeza kidogo, akashukuru kwa chakula, akaondoka bila kuuliza habari za ngome.

Kepher alikuwa ameshamwambia Wilkista afunge mikeka wakati Bwana Babu alipoingia jikoni. Elmina alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakwangua bakuli.

"Nilisema nini juu ya samaki?" bwana aliuliza.

"Bwana alisema akisikia harufu tena, tutatoka."

"Na memsabu ulimwambia nini?"

"Mama ya bwana. Bwana alitaka niseme ni mama ya nani?"

Bwana Babu alifungua kinywa. Mama yake alivuta kigoda cha pili kwa mguu.

"Harold," alisema. "Kaa ule. Umekonda."

Bwana alitazama mlango. Kisha akakaa, magoti yakikaribia masikio, akala kwa kijiko, taratibu kwanza, halafu kama mtu aliyekuwa na njaa ya miaka ishirini. Alipomaliza alimpa Kepher sahani bila kumtazama.

"Mwambie bibi yako apikie hapa. Kule mtoni kuna utelezi."

Wilkista alifungua mikeka. Mtoto, msichana, alizaliwa kibandani mwake, na bibi mmoja mfupi alimtemea mate kidogo kwenye paji la uso, na Wajaluo waliokuwapo, ambao hubariki vivyo hivyo, wakaona ni sawa kabisa.

Siku ya soko Nyakundi alikuwa akimngoja Kepher pale Chepilat. Jiko la Memsabu Rawlins nalo lilikuwa na masikio.

"Mjaluo," alisema, "bwana yako sasa amepata jina mpya. Bwana Obambla. Babu yake aliuza samaki."

"Nani alisema aliuza? Alivua," alisema Kepher, akiweka kikapu chini. "Si kwa ziwa kama sisi. Kwa bahari. Samaki moja kama ng'ombe. Alikuwa na mashua inaitwa Jenerali. Babu ya memsabu yako alikuwa na mashua?"

Nyakundi alikubali kwamba hajui.

Kepher alichagua kitunguu, akakirudisha, akachagua kingine kikubwa zaidi. Kabla soko halijavunjika, Jenerali ilikuwa imeshakuwa meli.