Mjomba Alivyoziba Mduara wa Fimbo

Samli ya Mabaniani wa Bagamoyo haikuwa samli ya mchezo. Wakianza kukaanga vitu vyao vya sikukuu ya ngoma, harufu inatoka mtaani kwetu, inafuata pwani mpaka Kaole, na wallahi hata waliozikwa kule kwenye magofu walikuwa wanageuka ubavu na kuulizana, "Leo kunapikwa nini?" Na mimi ndiye niliyekuwa jirani. Ukuta wa nyumba yetu na wa duka lao ulikuwa mmoja, kwa hiyo harufu ilipita kwangu kwanza. Kila mwaka sikukuu ikiisha, mlango wa kwetu ulikuwa umeshakuwa mwembamba.

Sikukuu yenyewe ilikuwa siku tisa, na kila jioni ngoma. Katika ua wa duka waliweka chungu kipya kilichotobolewa matundu, ndani yake taa, mwanga unatoka kama nyota zimemwagika ukutani. Kwanza wanawake wao wanakizunguka, wanaimba, wanapiga makofi. Hiyo ni ibada yao. Sisi tunakaa barazani kimya, maana mama alishatuambia, "Dini ya mtu haichezewi. Subirini fimbo." Zikija fimbo sasa! Mlango unafunguliwa kwa jirani yeyote mwenye mikono miwili.

Kila mchezaji ana vijiti viwili vya rangi. Mnapanga miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, mnatazamana. Unagongana na aliye mbele yako, ta-ta-ta, unajizungusha, unasogea kwa mwingine. Siri yote iko kwenye kusogea. Mmoja asiposogea, wote mmekwama kama kumbikumbi kwenye tundu.

Binti wa dukani alikuwa shoga yangu. Tuling'oka meno pamoja, na nadhani mengine tulibadilishana, maana moja la kwangu mpaka leo halinikai sawa. Yeye kazaliwa Bagamoyo, mama yake kazaliwa Bagamoyo. Huyo mama akimpa mteja maneno kwa Kiswahili chake, mteja anasahau alikuja kununua nini, anarudi nyumbani kulala.

Mwaka mmoja, sikukuu inakaribia mwisho, shoga yangu akaja uani kwetu analia, kamasi mbili zinashindana.

"Tunahama."

"Mnahamia wapi?"

"Dar es Salaam. Baba anasema Bagamoyo kumekwisha. Shangazi anakuja siku ya mwisho ya ngoma. Baba kasema shangazi akiukuta mduara umejaa, tunabaki. Usipojaa tunaondoka na shangazi, kwenye lori lilelile."

Baba yake hakuwa anasema uongo. Wenzao wengi walikuwa wameshafunga maduka na kwenda zao Dar. Waliobaki, wakishikana mikono ili wakizunguke chungu, chungu kinabaki nje.

Nikamwambia, "Futa kamasi. Watu wapo Bagamoyo. Kwani sisi tumehama?"

Nikaingia mtaani. Nilikuwa sijaota magego lakini mdomo wangu ulikuwa mtu mzima. Kila nyumba nilisema kuna zelabia, ile tamutamu iliyochovywa shira, kubwa kama gurudumu la lori. Mama akakubali kuja na wenzake wote wa ngoma ya lelemama. "Kusogea kwa mpango ndiyo kazi yetu," akasema. Fundi cherehani akakubali. Wauza samaki wakakubali, wakaambiwa waoge. Lakini wachezaji wa mduara wa nje walikuwa hawajatosha, nikamkumbuka mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa bingwa wa kirumbizi, ile ngoma ya wanaume wawili kuingia uwanjani kupigana fimbo mpaka mmoja atoke. Sifa zake zilifika Msata. Mbwa wa Msata wakisikia anapita, wanaingia ndani wenyewe na kutia komeo.

Mama akanishika sikio. "Huyo usimwite."

"Kwa nini, mama?"

"Hajui kucheza. Anajua kushinda tu."

Nikamwita.

Siku ya mwisho ikafika, na shangazi wa shoga yangu akafika nayo, juu ya lori la mbata, zile nazi kavu. Bangili zilianzia kwenye kiwiko zikashuka mpaka vidoleni. Akinyanyua mkono kujikuna, watu wanadhani misheni wanapiga kengele. Akasimama katikati ya ua, akatazama huku na huku.

"Kaka, wachezaji wako wako wapi? Au ndiyo hao mbuzi?"

Baba wa shoga yangu, baba dukani tulivyomwita, akacheka kicheko cha kuombea hisani. Ila jua lilipozama, ibada ikaisha, mlango ukafunguliwa, akina mama wakaingia na vigelegele, wauza samaki wananukia sabuni, na mjomba nyuma yao kifua mbele. Miduara ikajaa pomoni! Shoga yangu akanibana mkono mpaka nikahisi mfupa unaomba radhi. Tukaingia mduara wa ndani, ngoma ikaanza, ta-ta-ta, tukawa tunasogea kama maji.

Ndipo mjomba akakutana na baba dukani. Baba dukani akagonga, akajizungusha, akataka kwenda zake.

"We! Unakwenda wapi?" mjomba akamshika kanzu. "Hatujamaliza!"

"Sogea, bwana!"

"Nisogee? Mimi? Mbele ya fimbo?"

Kwenye kirumbizi anayeondoka ndiye aliyeshindwa. Mjomba hakuwahi kuondoka mbele ya mtu, akasema hataanza na muuza sukari. Mduara ukaziba. Mimi nikamgonga mama mgongoni, mama akamkanyaga fundi cherehani, fundi akakaa kwenye sinia la ladu, tamutamu za mviringo, akainuka nazo nne zimemganda.

"Kaka, sogea, unaniaibisha!" mama akapiga kelele.

"Kwanza aseme kashindwa!"

"Nimeshindwa!" baba dukani akasema, jasho linamchuruzika. "Nimeshindwa tangu jana!"

Mjomba akamwachia. Aliyefuata alikuwa fundi, akatupa vijiti akapitia dirisha la duka na ladu zake. Aliyefuata alikuwa shangazi.

"Basi," shoga yangu akaninong'oneza. "Nalisikia lori linawaka."

Shangazi akagonga, ta-ta-ta. Mjomba akagonga, akasimama. Na shangazi naye akasimama.

"Sogea," mjomba akasema.

"Sogea wewe."

"Mimi sijawahi, bibi."

"Na mimi nimetoka Dar es Salaam juu ya magunia ya mbata, mgongo umekuwa kama ngazi. Leo nikupishe wewe?"

Lo! Zikaanza. Mjomba akatupa kijiti kimoja, akabaki na kimoja kama kwenye kirumbizi. Mpiga ngoma wao akapotea mdundo, muuza samaki mmoja akachukua debe, akaupiga wa kirumbizi wenyewe. Watu wakatoka kwenye mistari, wakafanya uwanja. Cheche zikaruka, taa ya karabai ikaona haya ikazimika. Nusu ya akina mama wakamshangilia mjomba, nusu wakamshangilia shangazi, na mama, dada wa damu, alikuwa upande wa shangazi. Mara kijiti cha shangazi kikavunjika, na cha pili kikavunjika.

"Wifi! Nipe kitu!"

Mama dukani alikuwa jikoni. Akarusha alichokuwa nacho mkononi, kile kifimbo cha kusukumia chapati, unga wake juu. Shangazi akakidaka, akapiga pigo moja, na fimbo ya mjomba ikamtoka, ikapita juu ya ukuta, ikavuka minazi. Wengine wanasema iliokotwa Zanzibar.

Shoga yangu kafumba macho.

Mjomba akatazama mkono wake mtupu, kisha polepole akachutama, kama kirumbizi kinavyomtaka aliyeshindwa. Watu wazima walitokwa na machozi.

Shangazi akajitupa mkekani, akawa anajipepea na ncha ya sari. "Kaka," akamwambia baba dukani, "kule Dar wananigonga kama wanagonga yai. Wananiogopa. Ukihama hapa, mimi nitakuja kucheza kwa nani?"

"Kwa hiyo tusihame?"

"Kwani nasema Kiarabu? Lete zelabia. Na huyu bwana mpe kwanza."

Shoga yangu akapiga ukelele, akanirukia, tukaanguka wote wawili kwenye unga.

Wakabaki. Walibaki mpaka shoga yangu akaolewa, na siku hiyo nililia hata kisima cha jirani kikaingia chumvi. Ila kabla ya hapo tulicheza miaka mingi, na kila mwaka shangazi alishuka kwenye lori na kifimbo chake cha chapati kimefungwa kwenye hariri. Mjomba naye alikuwa akijifua mwaka mzima nyuma ya nyumba kwa kuupiga mpapai wetu, mpaka mpapai ukagoma kuzaa.

Kila mwaka alichutama. Na kila mwaka, akiulizwa barazani imekuwaje, alirekebisha kofia na kusema, "Nilimwachia. Yule ni mgeni."