Marahaba ya Baba Fatu

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, niliteremka kwa miguu kutoka Newala mpaka nyumba ya injini bondeni. Kazi yetu ilikuwa kuyasukuma maji yapande kwa watu, maana kule juu hata kijito hakuna. Nilimkuta Fundi Mkuu, Baba Fatu, ameinamia mashine. Nikampa shikamoo. Kimya. Nikasema moyoni, mkubwa wangu huyu ana maringo.

Aliponiona alinivuta, akanibandika kiganja juu ya beringi, kile chuma kinachobeba mhimili unaozunguka.

"Usiisikilize, utachoka bure!" akapaza sauti. "Ishike. Ikitetemeka vibaya, zima!"

Vya kuzibia masikio hatukupewa. Humo ndani tulisalimiana kwa bega: unamgusa mwenzio, anageuka, mnatazamana, ndipo unasema.

Kazini, basi, Baba Fatu hakuwa na shida. Shida ilikuwa kwao Mnyambe. Vijana walimwamkia, asiitikie, na kwetu mtu mzima akiiacha shikamoo yako ikaanguka chini, amekutukana. Wakaacha kumwamkia. Watu wakicheka barazani, alidhani anachekwa yeye. Akaacha kwenda, hata likizo akawa anailia palepale kwenye injini. Tena masikio yalimlilia kama nyenje mchana kutwa, hata mashine ikiwa imezimwa, akaamini anarukwa na akili. Aliponieleza haya niliona uchungu, na aibu kwa yale maringo niliyomsingizia.

Kisha ikaja harusi ya Fatu, bintiye wa kwanza. Akakataa kwenda.

"Nikakae pale kama gogo?" akaniuliza. "Wataniona nimedharau wakwe."

Habari zikamfikia Msimamizi wa Maji, Mzungu mwenye hasira za karibu. Tulidhani atamfukuza, kwani fundi kiziwi ni wa nini? Akaja, akamgusa bega, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata:

"Mimi pia nalia masikio. Miaka mingi! Ni mashine hii, si wazimu. Nenda, oza mtoto."

Baba Fatu alikaa juu ya pipa la dizeli, akacheka hadi machozi. Sijaona mtu akitua mzigo namna ile.

Nilimsindikiza Mnyambe. Nikatangulia uani nikawaambia: mzee hana kiburi, hasikii, mguseni bega kwanza, asimame mtu mbele yake. Fatu akatoka ndani na mapambo yake, akamshika bega.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!"

Aliitikia kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika. Vijana wakapanga foleni, na kila mmoja akapata yake.

Baadaye nilihamishiwa kwenye tangi la Newala, kisha Masasi, nilikostaafia. Sasa nyenje wamehamia kwangu. Daktari ameniambia hawafukuziki, ila nisijifungie ndani na watu waseme nami uso kwa uso. Nikacheka, maana hayo niliyasomea bondeni. Siku nyingine nyenje hao hunichosha, sikatai, lakini hofu sina.

Asubuhi wajukuu hunijia mmoja mmoja, mkono begani. Yule mdogo hafiki begani, hunigusa goti. Naye nampa marahaba yake, na kuku wanajua pa kukimbilia.