Muvi ya vita ilivyotukuta Runazi tukisubiri gari la "kazi ya ulinzi"

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Shule niliachia darasa la sita, toka hapo ni mtu wa kuzunguka. Asubuhi moja mimi na rafiki yangu Deo tulitoka Nyantakara na begi moja, bila mpango wowote.

Njiani jamaa mwenye gari aina ya Noah akatupa lifti. Akasema kuna kazi ya ulinzi nje ya nchi, bunduki tutafundishwa hukohuko. Akatushusha Runazi: "Saa kumi nawapitia, tunavukia mpaka wa Rusumo."

Deo alifurahi mpaka akawa anatembea kwa gwaride.

Tukaingia banda la video kupoteza muda. (Mabanda ya huku mtafsiri anakaa mbele na maiki, anaongea kuliko waigizaji.) Muvi ilihusu vijana wawili marafiki, wanaenda vitani wanacheka. Mtafsiri akawapa majina ya watu wa palepale, banda likavunjika mbavu.

Kisha mmoja akapigwa risasi ya tumbo. Mwenzake anahangaika kurudisha utumbo ndani kwa mikono.

Mtafsiri akazima maiki.

Tukabaki tunamsikia yule kijana analia kwa lugha tusiyoijua.

Ilipoisha nikamfuata mtafsiri nje. Ni mtu mzima, familia yao ilikimbilia huku kutoka Burundi.

"Shikamoo. Mbona ulinyamaza?" Nikamwambia na sisi tunasubiri gari la kazi.

"Marahaba. Pale mimi siwezi. Nilichukuliwa na gari hivyohivyo, tukiwa wawili. Tuliambiwa ni kazi."

Mwenzake yuko wapi, sikuthubutu kuuliza.

Honi ya Noah ikalia barabarani. Deo akanyanyua begi. Nikashika mkanda wa begi.

"Deo, mimi naogopa. Siendi."

Nilitegemea aniite boya. Akakaa chini palepale.

"Hata mimi. Nilikuwa nasubiri uanze wewe."

Mtafsiri akatupitisha uani mpaka gesti ya jirani. Tukapewa chumba, tukatia komeo. Honi ililia muda mrefu, kila ikilia Deo ananibana mkono.

Mwisho Noah ikaondoka. Nilichungulia dirishani: kiti cha nyuma wamekaa vijana wengine wawili, wanacheka.

Nilichojifunza: ukiogopa, mwambie rafiki yako mapema. Huenda naye anakusubiri.

Ila wale wawili hawanitoki kichwani. Wakuu, mngekuwa nyie pale dirishani mngefanyaje?