Mkono wa Kuazima

Fundi cherehani huyu pale klabuni wanamwita Mama Kanuni, na jina limemkaa. Ndiye mwamuzi wa sataranji. Ukigusa kete, umeicheza. Machozi yako peleka kwenu. Kaka yake, fundi bomba, amewahi kulazimishwa naye kumpoteza malkia kwa sababu ya kidole tu.

Siku ile kaka alikuwa anarudiana na kompyuta. Mwaka uliopita ilimchapa mbele ya wakwe zake, na tangu hapo shemeji zake wakimwona wanauliza habari za mashine kabla ya salamu. Alitaka kushinda, tena mbele ya watu walewale. Wakwe walikaa safu ya mbele.

Sasa, kompyuta haina mikono. Inaonyesha hatua kwenye kioo, na mhandisi wake, mtu mzima mwenye kitambi na haraka zake, anaisogezea kete. Kioo kikaonyesha farasi. Mhandisi, macho yakiwa kwenye saa, akamnyanyua malkia.

Ukumbi ulilipuka. Malkia yule popote ambapo angetua, angeliwa.

"Kagusa!" kaka alisimama. "Dada, kagusa! Wote wameona!"

Mama Kanuni hakubabaika. Kabla ya mchezo hakuna aliyekumbuka kuuliza mkono wa mhandisi unahesabiwa ni wa nani, hata yeye, na hilo lilimuudhi. Lakini jibu alikuwa nalo. Akainama, akasoma kioo, akanyooka.

"Rudisha malkia. Cheza farasi. Muda uliopotea ni wa mashine, saa haisimami."

"Mimi ungenibana!"

"Wewe kichwa chako, mkono wako. Hii imefikiri farasi, mkono imeazima. Siwezi kuiadhibu kwa kosa la mwenzie."

"We kweli ni dada yangu?"

"Nyumbani, ndiyo. Hapa kaa ucheze, zamu yako imefika."

Mkwe mmoja alisonya. Roho ilimuuma Mama Kanuni, asikudanganye mtu. Alimpenda kaka yake kuliko kanuni zote za dunia. Ila uamuzi hakuurudia hata kichwani.

Kaka akacheza kwa hasira, kisha hasira zikamwisha, akabaki anacheza tu. Akabanwa, akachomoka, akabanwa tena. Mwisho ngome yake ikawa inamtishia mfalme wa mashine kwa shaha huku na huku, hatua zilezile zikijirudia, hakuna pa kukimbilia wala pa kusonga mbele. Sare. Akaondoka bila kumuaga dada yake.

Jioni akaja kwa dada yake, akavuta kiti karibu na cherehani, akasubiri dada amalize pindo.

"Ungenipa ule mchezo," alisema, "ningeusimulia mpaka nazeeka."

"Najua."

"Na kila nikisimulia, ningeangalia kwanza kama upo."

Mama Kanuni aliacha sindano.

"Hii sare," kaka akasema, "naisimulia hata ukiwa umekaa hapo hapo."